Kama ya Juu

Manyigu waliamini kila nilichoandika, na kwa miaka minne nilijivunia jambo hilo. Ningependa kusema sikujivunia, lakini nitakuwa naanza kwa uongo.

Hawakuwa manyigu wa kweli. Zilikuwa mashine ndogo, kila moja ukubwa wa punje ya mahindi, ila watu wa bondeni waliziita manyigu, na jina likashika hadi likaingia kwenye barua za wizara. Kijiji kilichochaguliwa kilipewa mlingoti, na ndani ya mlingoti manyigu laki mbili. Nyigu alitua juu ya jani, akang'ata, akaonja, kisha akauliza swali moja: huyu anaitwa nani? Jibu lilitoka kwetu, kwenye hebaria yetu hapa Usambara, nyumba yenye makabati ya mimea iliyokaushwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu, mingine ina umri wa miaka mia mbili. Jina likiwa kwenye orodha ya magugu, nyigu alidunga tone moja, na siku ya tatu mmea umekauka. Mtunzaji wa majina hayo nilikuwa mimi, Tabea Shemndolwa, miaka hamsini na minane, mjane, mwenye miwani miwili na ulimi usiotulia.

Mama Hoza alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, amevaa sweta la kahawia lililofika karibu na magoti, na mkononi ana kiroba. Mlinzi alijaribu kumwambia asubiri barazani. Nilimsikia mama akimjibu kwamba ameshasubiri wiki mbili, halafu mlango wangu ukafunguka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Tabea anayesaini?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Hakukaa. Alikigeuza kiroba juu chini, mimea mikavu ikamwagika juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, nyingine juu ya chai yangu.

"Niambie hili ni gugu gani."

Nililitupia jicho. "Kishonanguo, mama. Linajulikana. Ndilo linalowamaliza wakulima bondeni."

"Tazama tena. Umetazama kama mtu anayetafuta chumvi dukani."

Hakuna mtu aliyenisemesha hivyo tangu mama yangu afariki. Kwa hasira nikachukua lenzi, na kwa lenzi nikaona. Kishonanguo cha bondeni kina ua dogo lisilo na maana, petali nyeupe chache pembeni au hata hizo hazipo. Hiki kilikuwa na ua pana la njano, na mbegu zake zilikuwa bapa, zimeota vinywele ukingoni. Miiba miwili ya kunasia nguo ilikuwepo, kwa hiyo ni wa ukoo mmoja, jenasi moja. Lakini ndugu si mtu yule yule.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwemhosi. Kwetu tunaiita mashona ya mlimani. Majani tunachemsha mboga, maua wanakula nyuki. Mlitujengea mlingoti wa majaribio, mkatuambia unaua magugu tu. Leo mlima mzima hakuna shina lililosimama. Nina mizinga arobaini. Nyuki wamehama yote. Nimepanda na kushuka siku tatu kutafuta shina moja bichi. Sikuliona."

Nikaenda kwenye kabati la kumi na saba.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana kila kitu kimesimama juu yake. Kila karatasi ina mmea, na chini kulia ina lebo ya aliyeuchuma: wapi, lini, nani. Mtaalamu akija baadaye akaona jina si sahihi, hafuti. Anaandika jina analoliamini kwenye kikaratasi, anaweka sahihi yake na tarehe, anakibandika pembeni ya kile cha mwanzo. Karatasi nyingine zina vikaratasi sita, watu sita wanabishana kwa karne moja na nusu, wengine wameshakufa. Hakuna kinachobanduliwa. Nyigu husoma cha mwisho.

Na kuna mchezo mchafu ambao kila mtu wa kazi hii anaufanya na hakuna anayekiri. Unaletewa jalada lenye karatasi hamsini. Unafungua ya juu, unaipima vizuri, unaandika jina. Zilizo chini zinafanana ukizitazama ubavuni, na wewe umechoka. Basi unachukua muhuri, unagonga: *Kama ya juu*.

Jalada la Kwemhosi lilikuwa na karatasi arobaini na saba. Ya juu ilikuwa kishonanguo cha bondeni, sijui nani aliichanganya humo. Arobaini na sita za chini yake zilikuwa na ua pana la njano, na kila moja ilikuwa na kikaratasi kimoja kipya kuliko vyote. *Kama ya juu. T. Shemndolwa.* Tarehe ilikuwa ya miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya Ijumaa.

Niliikumbuka Ijumaa ile. Kesho yake binti wa shangazi alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa nawahi saluni kusukwa. Nywele zangu zilipendeza sana kwenye harusi ile.

Nilirudi mezani na jalada kifuani. Ningeweza kusema mashine imekosea. Mama yule asingejua, na watu wote walikuwa wakisema hivyo kuhusu mashine.

"Ni mimi," nikasema. "Manyigu walijifunza kwenye karatasi hizi, na hizi niliziandika bila kuzifungua."

Nilitegemea anitukane, na naapa ningefurahi. Badala yake aligeuka aondoke, na alipogeuka nikaona mgongo wa sweta lake.

"Simama hapo hapo, mama! Usijikung'ute!"

Kwenye sufu ya sweta, chini ya bega na kando ya kiuno, zilikuwa zimenasa. Mbegu bapa, nyeusi, zenye vinywele ukingoni. Nilichukua koleo langu dogo nikazichomoa moja moja juu ya karatasi nyeupe. Zilikuwa kumi na tisa.

"Hilo sweta umelivaa lini mara ya mwisho?"

"Navaa kila nikienda mizingani. Tangu mwaka jana sijalifua."

"Usilifue," nikasema, na sote wawili, katika hali ile, tukacheka.

Nikazitia kwenye bahasha. Mama Hoza akanyoosha mkono. "Nipe nikazipande."

"Ukizipanda leo, zikitoa majani mawili tu nyigu atatua. Ataonja, atauliza jina, na jina ni lile lile nililoandika mimi."

"Sasa si ubadilishe?"

Aliuliza kama mtoto anavyouliza kwa nini watu wasiache tu kufa. Ila yeye alikuwa na haki.

*

Dokta Rwegoshora, mkurugenzi wetu, alikuja Jumatano akiwa na karatasi ya kusaini. Ni mtu mpole, mwenye suti nzuri, na ninamheshimu hata sasa, jambo linaloniudhi.

Ijumaa milingoti elfu nne ilikuwa inafunguliwa nchi nzima kwa mpigo. Wizara ilihitaji sahihi ya mtunzaji kwamba kumbukumbu za jenasi ile ni safi. Nilimwonyesha jalada. Alizipitia karatasi kumi, akavua miwani.

"Nani mwingine ameziona?"

"Mama mmoja wa Kwemhosi."

"Bi. Tabea, sheria unaijua. Ukibandika kikaratasi chenye jina jingine, jina lina ubishi mpaka mtaalamu wa pili aweke sahihi yake, na jina lenye ubishi nyigu haligusi. Jenasi nzima itafungwa. Manyigu hawawezi kutofautisha hawa wawili leo. Kuwafundisha upya ni msimu mzima."

"Najua. Na spishi za milimani si hii moja. Nimehesabu saba humo kabatini. Tukifungua Ijumaa, saba zote zitakwenda."

"Na tusipofungua?" Hakupaza sauti. "Misimu miwili watu wa bondeni hawajavuna. Lile gugu halifi kwa dawa yoyote. Umeona foleni za unga Mombo? Mimi nimeziona. Unaniomba niwaambie wale wasubiri kwa sababu ya maua?"

Akasogeza kiti.

"Kuna njia. Saini. Baada ya mavuno tutarekebisha kimyakimya. Hivi vikaratasi arobaini na sita tuvibandue tu, mahali pake tuweke lebo mpya bila jina la mtu. Hakuna atakayejua ulikosea. Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima."

Nilikaa nikiangalia mikono yangu. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na mtu huyu alikuwa ananipa pa kuitema. Ningetaka nini tena? Nilikuwa nataka sana kukubali. Kisha likanijia jambo dogo: alikuwa hata hajazifungua zile thelathini na sita zilizobaki.

"Nipe hadi kesho," nikasema.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu Kaniki. Ana ekari tatu za mahindi kule chini, watoto watano, na mama mkwe anayeumwa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada," akasema mwishowe, "jana nimepalilia mistari miwili. Leo mistari ile ile imejaa tena. Nakuelewa, mlimani kuna ua. Mimi huku nina Upendo, hajashiba tangu Jumapili. Saini, dada. Nakuomba."

"Nisiposaini?"

"Basi uje upalilie wewe!"

Akakata simu. Nililia, sifichi. Nililia kwa sababu alikuwa sahihi, na Mama Hoza alikuwa sahihi, na mtu pekee aliyekosea katika habari hii alikuwa mimi. Kosa langu lilikuwa limeshaua mlima mmoja. Sasa nilikuwa naombwa nilisaini tena, safari hii nikiwa macho, na kuliita usafi. Mtu anaweza kuniambia njaa ni njaa. Ni kweli. Lakini mmea ukishakwisha haurudi msimu ujao, wala msimu wowote, na hapo nilikuwa nalinganisha vitu viwili ambavyo havilingani, kimoja cha kungoja na kimoja cha milele. Hesabu hiyo haikunifariji hata kidogo. Jina la mtoto yule, Upendo, nilimpa mimi.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi nilifunga nywele kitambaa, nikamimina wino, nikafungua karatasi ya kwanza.

Niliipima yote. Upana wa ua, urefu wa mbegu, vinywele vya ukingo, idadi ya miiba. Niliandika kikaratasi kwa mkono wangu, nikakibandika pembeni ya kile cha zamani, nikaipitisha kwenye mashine ya kusomea. Taa ikawaka njano: jina lina ubishi. Kwa manyigu hiyo moja ilitosha. Kwangu haikutosha. Nikafungua ya pili.

Dokta Rwegoshora aliingia nikiwa kwenye ya tisa. Simu yake ilikuwa ikilia mfululizo.

"Umefanya nini?"

"Nafanya kazi ya Ijumaa ile. Nilikuwa sijaimaliza."

Alichukua karatasi moja akasoma kwa sauti, na sauti ikampungua kadiri alivyosoma. "*Hii si kama ya juu. Mwaka ule niligonga muhuri bila kufungua, nikiwahi saluni. Kwa kosa hili mimea ya Kwemhosi imeuawa. T. Shemndolwa.*" Akanitazama. "Umeandika saluni?"

"Ndiyo ukweli."

"Zote umeandika hivi?"

"Zote nitaandika hivi."

Akakaa. Kwa dakika kadhaa alikuwa mwanabotania tena, akiangalia vinywele kwa lenzi yangu, na nilimwona anajua. Halafu simu ikalia, na akawa mkurugenzi.

"Waziri anataka vikaratasi hivi vibanduliwe leo."

"Kikaratasi hakibanduliwi, Dokta. Wewe ndiye uliyenifundisha, humu humu. Kama unaona nimekosea, kalamu ile pale. Bandika chako pembeni ya changu. Andika kwamba hizi ni kama ya juu, uweke jina lako na tarehe, na nyigu atakusikiliza wewe. Sitakuzuia."

Nikamsogezea wino. Naapa nilimsogezea kwa moyo safi. Kama angeandika, ningeinuka nikaenda zangu.

Aliitazama ile kalamu. Aliitazama karatasi. Simu ililia hadi ikachoka.

"Mimi si mtaalamu wa jenasi hii," akasema.

"Mpaka jana ulikuwa mtaalamu wa kubandua."

Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaniambia kwa sauti ya barua kwamba nimesimamishwa kazi kuanzia wakati huo na niache funguo mezani. Nikamwambia nimebakiza karatasi thelathini na saba na sitaacha funguo mpaka nimalize, na kama anataka kunitoa, mlinzi yupo. Mlinzi alikuwa mlangoni anasikiliza. Hakusogea. Nilimaliza saa kumi na moja jioni, vidole vyeusi, mgongo umekufa ganzi. Nikaweka funguo juu ya jalada. Bahasha ya mbegu nilishampa Mama Hoza adhuhuri, alipopita kuichukua, na hakuniambia asante.

Ijumaa milingoti elfu nne ilifunguliwa na hotuba zikasomwa. Manyigu walitoka, wakatua juu ya vishonanguo vya nchi nzima, wakaonja, wakauliza jina, wakarudi ndani.

*

Jumatatu nilikuwa shambani kwa Kaniki na jembe. Alinitazama kutoka mwisho wa mstari, akanitemea neno moja ambalo sitaliandika, akaendelea kulima. Shemeji aliniletea maji. Upendo alikuja kuniangalia nisivyojua kushika jembe, akanionyesha.

Palizi ya kishonanguo haina siri. Unang'oa kabla mbegu hazijakomaa, kila siku, mstari kwa mstari, na ukisimama siku mbili umeshindwa. Nilisimama siku ya tatu kwa malengelenge na ya nne nikarudi. Kaniki alikuwa bado hajanisalimia. Redioni walikuwa wakiniita adui wa wakulima, na majirani wawili walipita barabarani wakalirudia neno hilo kwa sauti ili nilisikie. Niliwajibu kwamba adui ana mistari kumi ya kumaliza, kama wana nafasi waingie. Mmoja aliingia, kwa aibu tu, akafanya nusu saa.

Wiki ya pili, asubuhi, wanawake kumi na wanne waliteremka kwa miguu kutoka mlimani, wamejifunga kanga viunoni na majembe mabegani. Mbele alikuwa Mama Hoza. Safari hii hakuvaa sweta.

"Sijaja kukusamehe," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Nimekuja kupalilia. Shamba la ndugu yako ni lipi?"

Nilimwonyesha. Walijipanga bila maneno mengi, na kufikia saa sita ekari mbili zilikuwa safi. Kaniki alisimama katikati ya mahindi yake akiwatazama. Wakati wa kula alikuja akakaa karibu nami, mara ya kwanza.

"Nimesikia wizara inatafuta mtaalamu mwingine," akasema. "Akibandika kikaratasi juu ya vyako, manyigu wanarudi."

"Pembeni, si juu. Ndiyo. Jina moja tu linawatosha."

"Na wamepata?"

"Wiki mbili sasa. Wamekwenda Dar, wamekwenda Nairobi, wamemleta mmoja kwa ndege kutoka ng'ambo. Kila mmoja anafungua karatasi, anasoma, anafunga."

"Na akitokea mmoja?"

"Basi ataandika jina lake, tarehe, na sababu. Na mimi nitaomba niruhusiwe kuingia nibandike changu tena. Nafasi bado ipo kwenye karatasi, Kaniki. Nimeacha upana wa kiganja."

Mbele yetu wanawake wa Kwemhosi walikuwa wamekaa ukingoni mwa shamba kabla ya kupanda mlima, wakichomoa mbegu za bondeni kwenye kanga zao moja moja, wakizitupa kwenye moto mdogo. Mama Hoza alipita kwa kila mmoja kumkagua mgongo. Alikuwa mkali. Mmoja alirudishwa mara mbili.

"Kwa nini wanafanya hivyo?" Kaniki akauliza.

"Zile mbegu za sweta, kumi na moja zimeota huko juu," nikasema. "Hawataki kuzipelekea gugu hili la bondeni."

Mama Hoza alimaliza, akatazama huku na huko, akaniona. Aliniashiria nigeuke, na mimi na umri wangu nikageuka. Nikasikia vidole vyake mgongoni mwa gauni langu, vinachomoa, vinahesabu kwa sauti ya chini, haviruki hata moja.